UZI: Kopo langu la maharage limepigwa kitako. Ninyooshe sasa au ningoje?

#1 Mama Maharage (Goma)

Jambo yenu wote. Mimi nauza maharage soko la Virunga, hapa Goma, huu mwaka wa sita. Ninalo swali, lakini siwezi kuliuliza bila kwanza kusema kitu ambacho kila mama wa sokoni anakijua na hakuna anayekitamka.

Kopo langu limepigwa kitako. Nazungumzia kopo la maziwa ya unga, lile tunalopimia wote. Likisimama mezani halina kasoro. Ligeuze uone: bati la chini limegongwa nyundo likaingia ndani, kama sahani iliyofunikwa. Sikuligonga mimi. Nililinunua hivyo kwa fundi bati, na siku ile nilipouliza kama analo lisilogongwa, alicheka akasema, "La kunywea maji au la biashara, mama?"

Miaka sita sikupima. Juma lililopita nikaazima mizani ya kutundika kwa muuza nyama, nikachukua kopo jipya kwa wifi yangu mwenye mtoto mchanga. Kopo zima, maharage yakiwa sawa na ukingo: gramu 850. Langu: 730.

Sasa hesabu, maana najua mtaiomba. Gunia la kilo 100 nalipata kwa franka 265,000. Wapakuzi na chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo) kutoka bandari ya Kituku, 10,000. Kopo nauza 2,500. Kwa kopo langu gunia linatoa makopo 137, yaani 342,500. Kwa kopo zima linatoa 117, yaani 292,500. Faida ya kwanza 67,500. Ya pili 17,500, na hapo kodi ya meza bado. Kwa hiyo katika faida niliyokuwa naiita yangu, franka 50,000 zilikuwa zimejificha kwenye kitako cha kopo.

Hali mnaijua. Vita ilipoziba njia ya Sake kwenda Minova mwaka 2024, mizigo ya upande ule ikabaki kuja kwa maji ya Ziwa Kivu, na ile mashua iliyozama mbele ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024 ilikuwa inatoka huko huko Minova. Halafu mwisho wa Januari 2025 vita ikaingia mjini, benki zikafunga, pesa ikawa ya kwenye simu, na kuitoa unakatwa. Mteja aliyekuwa anachukua makopo matatu anachukua moja na nusu. Papa wa watoto ni mwalimu, sina haja ya kuendelea. Nyumba tunadaiwa miezi miwili.

Msiniambie "pandisha bei" kabla ya kusikia hili. Mstari wetu una mama kumi na mmoja na makopo yetu yote ni ndugu. Tuko kwenye likelemba moja, tunachanga pesa na kupokea kwa zamu. Zamu yangu ni baada ya majuma matatu, na hiyo ndiyo pesa ya nyumba.

Ninyooshe sasa, au ningoje mambo yatulie?

#2 Chukudu ya Zamani (Goma, Ndosho)

Mama, unajitafutia ugonjwa bure. Mimi nimesukuma maharage yenu miaka mingi. Kopo la sokoni ni kopo la sokoni. Kila mnunuzi anajua limepigwa, na bei imeshajua pia. Hiyo 2,500 ni bei ya gramu 730. Kopo lingekuwa zima ingekuwa 2,900. Nani ameibiwa hapo? Wizi ni pale unaponiambia kilo na kilo haipo. Wewe hujasema kilo, umesema kopo.

Lipa nyumba kwanza.

#3 Kadutu243 (Bukavu)

Mzee wa chukudu ana hoja, tusimcheke. Lakini "kila mtu anajua" ni nani huyo? Mtoto wa miaka minane aliyetumwa na bibi yake anajua? Aliyekimbia kijiji juzi, aliyezoea kupima kwa kikapu chake mwenyewe, anajua?

Na hata anayejua, anajua nini? Anajua limepigwa. Hajui limepigwa kiasi gani. Hapa Kadutu kuna kopo lililoingia kidole kimoja na lingine limeingia vidole viwili, bei yao ni sawa. Nikisikia 2,400 meza hii na 2,500 meza ile, sina namna ya kujua wapi ni rahisi. Nanunua kwa sura ya muuzaji.

#4 Chukudu ya Zamani

Ndiyo biashara hiyo, kijana. Sura.

#5 Mama Maharage

Kadutu umegusa penyewe. Niongeze jambo linalonichekesha. Mteja haangalii chini ya kopo, anaangalia juu. Anataka kilima. Halafu ukishamwaga kwenye mfuko anataka na nyongeza, kiganja kimoja. Nimepima kiganja changu: gramu 35. Mama anayetoa kilima na kiganja cha nyongeza anaitwa mama mwenye moyo. Kumbe kile anachokitoa kwa mkono mbele ya macho ni sehemu tu ya kile ambacho kitako kimeshachukua. Kwenye mstari wetu kuna mmoja anayependwa kuliko wote, watu wanapita meza nne kumfuata. Kopo lake ndilo baya kuliko yote. Nimelishika.

Na kuna ujuzi mwingine. Ukimwaga maharage haraka yanakaa kwa kulegea. Ukitikisa kopo yanashuka, unaongeza nusu kiganja. Sisi hatutikisi.

#6 Mtoto wa Katuba (Lubumbashi)

Huku kwetu ni ile ile tu. Meka ya bunga, ile kopo ya kupimia, hawana lazima ya kuipiga nyundo. Banapepeta tu bunga mpaka inakuwa mwepesi, inajaa hewa, njo banapima. Ukifika ku nyumba, weka mufuko chini mara mbili tatu, bunga inashuka. Halafu wanakupa matabishi kidogo, ile nyongeza yenu, unatoka ukicheka.

Mafuta ya ngazi (mawese) tu njo yenye kusema kweli. Tunayapima na chupa ya bia ya Primus: ni sentilita 72, kitako chake ni kioo, nyundo ikiingia pale chupa imekwisha.

#7 Kadutu243

Mtoto wa Katuba, chupa haidanganyi, lakini aliyejaza chupa je? Tuendelee.

#8 Wa Tandale (Dar es Salaam)

Nawasoma kutoka Dar. Kwetu jina maarufu ni lumbesa, na inakwenda kinyume na yenu. Gunia linapaswa kuishia kilo 100, lakini mnunuzi anakwenda shambani na gunia lake, analijaza, analishonea kilemba juu, mkulima anauza kilo 100 na ushee kwa bei ya gunia moja. Sheria inakataza, Wakala wa Vipimo wanapita, na bado vilemba vinaonekana barabarani.

Ninachotaka kumuuliza Mama Maharage: gunia lako uliwahi kulipima? Maana huenda mkulima wa huko Minova ameshatoa nyongeza yake bila kutaka, na mlaji wa Goma naye anapunjwa kwenye kopo. Maharage yaleyale, vipimo viwili, na wote walioko katikati wamepona.

#9 Mama Maharage

Kaka wa Tandale, swali hilo limeniharibia usiku. Sijawahi. Magunia yetu yanakuja na kichwa, ndiyo. Tunayaita kilo 100 kwa mazoea.

#10 Mtumishi (Goma, Himbi)

Mama, mizani ya hadaa ni chukizo. Nyoosha kopo leo, Mungu atafungua mlango mwingine. Amina.

#11 Mama Maharage

Amina mtumishi. Mwenye nyumba naye atafungua mlango, na vitu vyangu vitatoka nje. Nakuheshimu, lakini nisaidie na hesabu.

#12 Mama wa Sufuria (Goma, Majengo)

Dada, mimi napika chakula cha kuuza, maharage na bugali, mchana tu. Nakusoma tangu asubuhi.

Sisi wa sufuria hatuhesabu makopo, tunahesabu sahani. Kopo nzuri linanipa sahani kumi na nne. Makopo ya mstari wenu yananipa kumi na mbili, siku mbaya kumi na moja na la mwisho naliongezea maji. Nilidhani ni maharage mapya yasiyovimba, nikabadilisha muuzaji mara tatu. Kumbe ni bati!

Kopo zima kwa 2,900 nachukua. Hata 3,000 tungezungumza. Ninachotaka ni kujua asubuhi nitapata sahani ngapi jioni.

#13 Chukudu ya Zamani

Basi njia hii hapa. Weka makopo mawili mezani. Hili 2,500, hili 2,900. Mtu achague. Hakuna uongo, hakuna njaa.

#14 Kadutu243

Hiyo nzuri sana mzee, nilikuwa naiandika.

#15 Mama Maharage

Wanaume wawili mmekubaliana na hakuna hata mmoja anayekaa kwenye mstari wangu.

Nikiweka makopo mawili, lile zima linapiga kelele. Linasema: haya mengine kumi ya mama zenu yamepigwa. Sitakuwa nimenyoosha langu, nitakuwa nimewavua nguo wenzangu. Hawa ndio walionipokea mwaka 2021, baada ya moto wa volkano ya Nyiragongo wa mwezi wa tano, nilipokuwa nimekimbia na watoto na nikarudi bila mtaji. Walinipa meza kwa mkopo. Mmoja alinipa nusu gunia, sikumlipa miezi minne. Kwa hiyo swali langu si "je, kupunja ni kubaya". Hilo nililijibu mwenyewe nilipoona mizani.

Na kitu kingine. Nilifanya hesabu ya pili, nikitumaini itanisaidia. Nikasema: mimi napunja maharage, lakini na mimi nanunua unga kwa kopo, mchele kwa kopo, sambaza (samaki wadogo wa ziwa) kwa kopo, basi tunapunjana kwa mzunguko, mwisho wake ni sifuri. Nikapima vyote vilivyoingia nyumbani juma zima, watu saba. Kilichopungua chote, ukikigeuza pesa, ni kama franka 4,000. Gunia langu linakwisha kwa siku tisa, kwa hiyo kwa siku hizo napunjwa kama 5,000. Na mimi napunja 50,000.

Si mzunguko. Mimi niko juu. Anayelipa ni yule asiye na kopo lake mwenyewe: mlinzi, mwalimu, mtu aliyekimbia vita, mwanafunzi. Papa wa watoto, kama asingenioa, angekuwa anapunjwa tu bila kurudisha popote.

Nilikuwa natafuta ruhusa kwenye hesabu, nikaikosa.

#16 Wakala wa Birere (Goma)

Niseme la kwangu haraka. Mimi natoa pesa ya simu. Wakati ule hakuna noti mjini, kila mtu alikuwa na pesa kwenye simu na hakuna mkononi, tulikata tulivyotaka. Niliona mama mmoja anatoa pesa ya dawa, nikamkata kama wengine. Sikudanganya, alijua kiasi kabla. Lakini alijua na hakuwa na pa kwenda. Ndiyo maana ile "kila mtu anajua" ya mzee wa chukudu siipendi. Kujua si kukubali.

Na tusianze habari ya dola zilizopasuka. Ninayo moja ya 20, imechanika ukingoni kama ukucha wa mtoto, hakuna anayeipokea. Kila juma kuna mtu ananiambia nimwekee mzee asiyeona vizuri katikati ya nyingine. Bado iko kwenye daftari.

#17 Chukudu ya Zamani

Kujua si kukubali. Haya, hapo nimekaa.

Lakini Mama Maharage, kabla hujafanya lolote nenda kwa mama mkubwa wa mstari. Usianze kitu asubuhi wakakiona mezani.

#18 Mama Maharage

Nimekwenda jana jioni, nimechukua sukari kilo moja (ya pakiti, msicheke). Nilimweleza yote, na gramu zake. Alinyamaza muda mrefu. Akasema makopo yalianza kupigwa zamani sana, yeye akiwa msichana, na aliyepiga la kwanza hakuna anayemkumbuka. Wa pili alipiga kwa sababu wateja wote walikuwa wamehamia kwa wa kwanza kwa bei ndogo. Yeye alikuwa wa nne au wa tano. Alilia siku ile, anasema.

Halafu akaniambia: "Nyoosha lako. Lakini usiseme. Ukisema langu zima, umesema yetu mabovu."

Nikamuuliza, nisiposema, mteja atajuaje kwa nini mimi nauza 2,900? Akasema hilo ni lako.

#19 Kadutu243

Mama huyo angekuwa waziri.

#20 Mama wa Sufuria

Usiseme, ndiyo. Lakini hakuna aliyekukataza kuonyesha.

#21 Mama Maharage

Narudi, siku kumi na tano zimepita. Samahani kwa kimya.

Kwanza, kopo halinyooki. Nililipeleka kwa fundi bati, akagonga mara tatu likapasuka kwenye pindo. Bati likishapigwa limechoka. Wifi akaniuzia la mtoto kwa 1,000, ndugu yangu mwenyewe, na akanitazama machoni wakati anapokea.

Pili, sikusema neno. Nilifanya hivi: nikimaliza kupima, nalirudisha kopo mezani likiwa limegeuzwa, kitako juu. Bati limelala sawa kama meza. Anayepita anaona au haoni. Bei 2,900.

Siku ya kwanza niliuza makopo manne. Siku ya pili matano. Watu wanauliza bei, wanasonga. Mmoja akaniuliza kama maharage yangu yametoka Ulaya. Nyongeza natoa kiganja kidogo tu, kwa hiyo nikaitwa bahili juu ya kuitwa ghali. Siku ya tatu jirani wa kushoto naye akageuza kopo lake kitako juu, lile lenye shimo, akacheka mpaka akashika mbavu, mstari mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Hapo nikajua wameona wote. Jirani wa kulia hakucheka. Hanisalimu hadi leo.

Kilichoniokoa ni sufuria. Dada wa Majengo alikuja siku ya nne, akachukua makopo sita, akarudi siku ya sita na mwenzake anayepikia mafundi wa ujenzi. Wanaohesabu sahani wanaelewa bila kuelezwa. Wengine hawajaelewa, na siwalaumu: mwenye franka 2,500 mkononi, kopo la 2,900 kwake halipo. Nimeanza kuuza nusu kopo kwa 1,450 kwa ajili yao. Wachache wanachukua.

Gunia limekwisha kwa siku kumi na nne, zamani lilikuwa siku tisa. Makopo 117 kwa 2,900 ni 339,300. Nusu kopo mbili ni kopo moja, hesabu haibadiliki. Ukitoa gunia na usafiri inabaki 64,300. Meza ni 500 kwa siku, toa 7,000: nimebaki na 57,300. Zamani, kwa siku tisa tu, ningebaki na 63,000. Mtaona kwamba kwenye gunia sikupoteza sana. Nilipoteza siku tano. Na mwenye nyumba anahesabu siku, si magunia.

Likelemba ni Jumamosi hii. Nilikuwa na hofu, naisema wazi. Mama mkubwa amenihakikishia bahasha itakuwa kamili, na hata jirani wa kulia ameshatoa fungu lake, amempa mtu mwingine aniletee. Nitalipa mwezi mmoja kati ya ile miwili. Wa pili nimeomba hadi mwisho wa mwezi.

Kaka wa Tandale: gunia jipya nimelipima kwa mizani ya muuza nyama, kwa mafungu, asubuhi nzima. Kilo 106. Kilo sita za mtu nisiyemjua. Hilo sijui nilifanyie nini. Nimemwambia mwenye mzigo wa Kituku, akasema nishukuru tu.

#22 Chukudu ya Zamani

Kilo 106! Na mimi nilikuwa nalipwa kusukuma 100.

#23 Wa Tandale

Ha ha ha, mzee, umegeuka mkulima.

#24 Fundi Mdogo (Goma, Mabanga)

Mimi ndiye aina ya fundi mnayemsema. Niseme ukweli: anayekuja kununua lisilopigwa hupatikana mmoja kwa miezi. Ninayo mawili nyuma ya duka, yana vumbi. Mama ukitaka la akiba njoo.

#25 Mama wa Sufuria

Dada, Ijumaa niwekee makopo nane. Na lile la zamani lililopasuka, kama bado unalo, niletee nipandie majani ya vitunguu.

#26 Mama Maharage

Nane nimeandika. Lile lililopasuka ni pindo tu, bado linashika maharage. Liko chini ya meza. Nipe kwanza hadi mwisho wa mwezi, halafu uje ulichukue mwenyewe.